Haba na Haba Bila Kibaba: Maoni juu ya Ruzuku Ndogo za Mitambo katika Kufundisha Kiswahili kwa Wageni

Methali yetu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Walimu wa lugha za kigeni katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya wameishi kwa maana ya methali hii kwa muda mrefu, ijapokuwa wengi wao hawakupata kuisikia. Chuo hutangaza kwamba kimetenga fedha kidogo kwa mwalimu ye yote atakayebuni njia mpya ya kutumia mitambo katika darasa lake. Fedha zenyewe hutosha kumlipa mwanafunzi mmoja au wawili wa kusaidia kazi wakati wa likizo, au kununua chombo cha kunasia sauti, au kumpunguzia mwalimu mzigo wa kipindi kimoja. Mwalimu huandika ombi, hupewa, hufanya kazi, hutoa taarifa ya kurasa chache, na mwaka unaofuata fedha hupewa mwingine. Jambo hili laonekana kuwa jema, nasi hatusemi kuwa ni baya. Lakini methali ina sharti lisilotamkwa: haba zote hazina budi kumiminwa katika kibaba kimoja, na kibaba chenyewe kisiwe na tundu. Katika makala haya nakusudia kuuliza kama sharti hilo limetimizwa kwa upande wa Kiswahili.

Swali hili halikukusudiwa kuwahukumu walimu. Mwalimu wa Kifaransa au wa Kihispania katika chuo cha Marekani huingia sokoni akachagua kitabu apendacho, pamoja na sauti na picha na mazoezi yake, kwa kuwa wachapaji hushindana kumwuzia. Mwalimu wa Kiswahili aghalabu ni mmoja tu katika chuo kizima, na wanafunzi wake ni wachache. Mchapaji haoni faida ya kumhudumia. Basi kinachokosekana sokoni sharti akitengeneze mwenyewe usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kwa hiyo ruzuku ndogo, ambayo kwa Kifaransa ni kitoweo, kwa Kiswahili ni chakula chenyewe. Ikipotea bure, hasara si ya chuo kile tu, bali ni ya lugha yetu na ya kila mgeni atakayetaka kujifunza baadaye.

Maabara ya lugha na funzo lake

Ili tuelewe hali ya leo yafaa turudi nyuma kidogo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha chombo chao Sputnik angani, na Wamarekani wakashtuka kuona kwamba wametanguliwa. Tarehe 2 Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia sahihi Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Sheria hiyo ilikuwa na sehemu nyingi, lakini mbili zatuhusu hapa. Sehemu ya Tatu ilitoa fedha za kununulia vifaa vya kufundishia sayansi, hisabati na lugha za kigeni mashuleni. Sehemu ya Sita ilitoa fedha za kuanzisha vituo vya lugha katika vyuo vikuu na kuwasaidia wanafunzi waliotaka kujifunza lugha zisizofundishwa sana. Kwa mlango huo wa Sehemu ya Sita lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwake, zilipata makao katika vyuo vya Marekani.

Msomaji na azingatie mgawanyo huo. Tangu mwanzo fungu la vifaa lilikuwa mbali na fungu la watu. Kifaa ni rahisi kununua: kina bei, kina stakabadhi, na mkaguzi aweza kukigusa kwa mkono. Maarifa ya mwalimu hayana stakabadhi. Kwa sababu hiyo vyumba vya maabara ya lugha vilienea upesi. Kila mwanafunzi alikaa katika kibanda chake, akavaa visikizio, akasikia sauti kutoka katika ukanda, akairudia. Walioamini njia hiyo walidhani kwamba lugha ni mazoea, na ya kuwa ulimi ukizoezwa vya kutosha, akili itafuata.

Haukupita muda mrefu ila shaka ilianza. Mwaka 1963 Raymond Keating wa Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, alitoa utafiti wake juu ya wanafunzi wa Kifaransa katika shule za sekondari, akaonyesha kuwa waliotumia maabara hawakuwashinda wasioitumia, na pengine walishindwa nao. Watetezi wa maabara waliukosoa sana utafiti huo, wakasema kwamba haukupima namna maabara ilivyotumiwa. Lakini majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Pennsylvania katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 nayo hayakuona faida iliyo dhahiri ya maabara kama ilivyotumiwa mashuleni wakati ule.

Kwa maoni yangu watetezi na wapinzani wote wawili walikuwa na haki kwa kiasi fulani. Ukanda wa sauti hausikilizi. Mwanafunzi akitamka vibaya, ukanda hauna habari, huendelea na sentensi inayofuata, na mwanafunzi huzoea kosa lake kwa bidii ileile ambayo angezoea nayo lililo sahihi. Chombo kilikuwa chema kwa kumsikilizisha mgeni sauti za wenyeji, lakini kilipewa kazi ya mwalimu, kazi ambayo hakikuiweza. Funzo hili lilipatikana kwa gharama kubwa, na la kusikitisha ni kuwa kila kizazi cha mitambo hulisahau na kulinunua upya.

Kilichobaki na kilichopotea

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 ilifanyika kazi nyingine ya Kiswahili yenye kustahili kutazamwa. Chuo cha kuwafundisha mabalozi wa Marekani, yaani Foreign Service Institute, kilitunga kozi ya Kiswahili chini ya Bw. Earl Stevick, pamoja na Bw. J. G. Mlela na Bw. F. N. Njenga. Kozi hiyo ilikuwa na kitabu na kanda za sauti zilizosemwa na wenyeji wa lugha. Mtu aweza kuikosoa kwa mengi. Mazungumzo yake ni ya Afrika Mashariki ya wakati ule, mazoezi ya kubadilisha neno moja katika sentensi yachosha, na maelezo yake ya sarufi yamwelemea mgeni. Walakini kozi hiyo ingaliko. Kwa kuwa ni kazi ya serikali ya Marekani haikufungwa na haki ya mchapaji, na watu waliokuwa na kanda na vitabu walivihamisha katika intaneti bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mgeni aliye po pote leo aweza kusikia sauti zilizonaswa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Sasa na tulinganishe na kazi za miaka ya 1990 na baadaye. Kompyuta ilipoingia vyuoni, ruzuku ndogo zilielekezwa huko. Katika Chuo Kikuu cha Georgia Profesa Lioba Moshi na wenzake walitunga masomo yaliyoitwa Kiswahili kwa Kompyuta, yaani KIKO, yenye sauti, picha na maelezo ya utamaduni. Na hapana shaka kwamba kazi ya namna hiyo iliwafungulia mlango wanafunzi waliokuwa mbali na mwalimu. Katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1994, Bw. Martin Benjamin alianzisha Kamusi ya Kiswahili katika intaneti, ambayo watu wa nchi mbalimbali walichangia maneno, jambo lililokuwa geni kabisa kwa wakati ule. Baadaye mradi huo ulihama Yale ukapanuka kuwa wa lugha nyingi. Hizi ni kazi zilizopata majina. Lakini pembeni mwake zilikuwapo kazi ndogondogo nyingi zisizo na jina: zoezi la ngeli hapa, mazungumzo ya sokoni pale, hadithi yenye picha zinazotembea mahali pengine.

Nyingi za kazi hizo ndogo hazifunguki tena. Baadhi ziliwekwa katika santuri za kompyuta ambazo mashine za leo hazina hata tundu la kuziingizia. Nyingine zilitungwa kwa programu ya Flash, ambayo wakati wake ilipendwa sana na walimu kwa kuwa iliweza kuunganisha sauti, picha na maswali mahali pamoja. Mwezi Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba itaacha kuitunza, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaiacha. Masomo yaliyotungwa kwa Flash pasipo kuhamishwa yakawa kama nyumba iliyopotelewa na ufunguo. Sauti ziko ndani, jitihada ya mwalimu imo ndani, lakini hakuna awezaye kuingia kwa njia ya kawaida.

Yaonekana kuwa ajabu kwamba ukanda wa 1965 wasikika na somo la 2005 halisikiki. Sababu si ubora wa kazi. Ukanda ulikuwa sauti tupu, na kitabu kilikuwa maandishi matupu. Vitu hivyo viwili huhamishika kutoka chombo hadi chombo. Somo la kompyuta lilishonwa pamoja na vazi lake, hata vazi lilipochakaa mwili nao ukazikwa.

Sababu za kupotea

Mtu aweza kusema kwamba kupotea ni tabia ya mitambo, wala hakuna wa kulaumiwa. Sikubaliani naye. Ziko sababu tatu zilizo katika uwezo wa binadamu.

Sababu ya kwanza ni muda. Ruzuku ndogo hutolewa kwa mwaka mmoja, na hutolewa kwa jambo jipya. Mwalimu aombaye fedha za kutengeneza chombo kipya husikilizwa. Mwalimu aombaye fedha za kukarabati chombo kilichotengenezwa na mwenzake miaka mitano iliyopita huambiwa kwamba ombi lake halina ubunifu. Kwa hiyo ni nafuu kwake kukiacha cha zamani kife na kuanza upya. Hivyo ndivyo zoezi lilelile la ngeli ya KI-VI hutungwa mara nyingi katika vyuo mbalimbali, kila mara kwa fedha mpya, na kila mara kuanzia mwanzo.

Sababu ya pili ni hali ya mwalimu mwenyewe. Walimu wengi wa Kiswahili ng'ambo huajiriwa kwa mkataba, na wengine ni wasaidizi wa muda mfupi. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, kwa mfano, umewapeleka Marekani vijana kutoka Kenya na Tanzania, nao hukaa mwaka mmoja wa masomo kisha hurudi kwao. Aghalabu kijana huyo ndiye mwenye sauti inayonaswa, ndiye atungaye mazungumzo, na ndiye ajuaye kwa nini sentensi fulani iliwekwa kabla ya nyingine. Akiondoka, chombo hubaki yatima. Anayemfuata hakikuti kwa jina wala kwa mahali.

Sababu ya tatu ni fahari. Chombo kipya chapendeza katika taarifa ya mkuu wa idara. Zamani lilikuwa neno maabara, likaja neno kompyuta, likaja neno intaneti, na leo jina la akili bandia limeshika nafasi ya majina hayo. Mwombaji mwenye busara hujifunza kulitia neno la mwaka huo katika ombi lake, hata kama haja yake ya kweli ni kamusi nzuri na saa mbili za mazungumzo na mwenyeji.

Uzuri wa chombo na ukweli wa lugha

Nimesema juu ya maisha ya vyombo. Sasa niseme juu ya kilichomo ndani yake, kwa kuwa chombo kibaya hakifai hata kikiishi milele. Miaka michache iliyopita nililetewa masomo ya namna hii niyatolee maoni. Chuo kilichoyatunga sitakitaja, kwa kuwa makosa yake si yake peke yake. Picha zilikuwa nzuri na sauti zilikuwa safi. Lakini katika somo la saa ilionyeshwa saa ya ukutani yenye mshale mdogo kwenye 7, na mwanafunzi akatakiwa achague jibu. Nilichagua saa moja, kama ambavyo angechagua mtoto ye yote wa Tanga au wa Mombasa. Mashine ikanionyesha alama nyekundu, ikanifundisha kwamba ni saa saba. Waliotunga somo walikuwa wamechukua kiolezo cha lugha nyingine wakabadilisha maneno, pasipo kufikiri kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua.

Katika somo la upatanisho mashine ilifundishwa kanuni moja: tazama kiambishi cha nomino, kirudie mbele ya kitenzi. Basi ikakubali kwamba kiongozi kimefika na kifaru kimelala, ikamkosoa mwanafunzi aliyeandika kiongozi amefika na kifaru amelala. Ilimkosoa pia aliyeandika rafiki yangu, ikimtaka aandike rafiki wangu, kwa kuwa kanuni yake haikujua namna Waswahili wanavyowataja ndugu na marafiki. Mwanafunzi mtiifu wa mashine ile angetoka darasani na alama kamili, na siku ya kwanza katika nyumba ya watu angechekwa.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la sarufi. Katika somo la maamkio vijana wawili wa rika moja walionyeshwa wakikutana, na mmoja akamwambia mwenziwe shikamoo. Mtungaji alitafuta neno la salamu katika orodha, akalipata, akaliweka. Lakini shikamoo si neno tu. Ni kipimo cha umri na cha heshima; mdogo humpa mkubwa, na mkubwa huitika marahaba. Zoezi lile halikuuliza nani amwambia nani. Lilimfundisha mgeni sauti ya adabu, likamnyima adabu yenyewe. Hapa ndipo mitambo, kwa namna ilivyotumiwa, huonyesha upungufu wake: hupima kilicho rahisi kupimika, nacho ni kiambishi, na hukiacha kilicho kigumu, nacho ni mahusiano ya watu.

Sisemi kwamba makosa haya hayazuiliki. Mwenyeji mmoja mwenye elimu ya lugha, akipewa alasiri moja tu, angeyaona yote. Hakuitwa, kwa kuwa bajeti ilikuwa na fungu la mchoraji na fungu la mtaalamu wa kompyuta, na haikuwa na fungu la mhakiki wa lugha.

Mifano miwili ya kibaba

Mhakiki akitaja makosa tu hakutimiza wajibu wake. Iko mifano ya fedha za kadiri zilizozaa matunda ya kudumu, na miwili yatosha.

Wa kwanza ni wa nyumbani. Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha iliyoshirikisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Siasa ya Kamati hiyo ina mengi ya kujadiliwa, na namna ilivyousanifisha usemi wa Unguja mjini iliwaudhi wengi wa Mombasa na kwingineko. Hilo si shauri la leo. Nataja jambo moja tu, nalo ni utaratibu wake. Serikali nne zilichanga kwa ajili ya ofisi moja yenye watu wachache, na zao la ofisi hiyo likawekwa mahali pamoja: tahajia moja, jarida moja, na kamusi zilizotoka mwaka 1939, ambazo msingi wake uliwekwa na Frederick Johnson aliyefariki kabla hazijachapwa. Mwenye kazi alikufa, na kazi haikufa naye, kwa kuwa haikuwa mali ya meza yake.

Wa pili ni wa Finland. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulika na kuifundisha kompyuta namna ya kulichambua neno la Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi. Mgeni akikuta neno hawakuniambia hataliona katika kamusi, mpaka ajue kuondoa ha, wa, ku na ni, ndipo alifikie shina lenye kuambia. Mashine isiyojua hivyo haiwezi kumsaidia msomaji wa gazeti wala mtunga kamusi. Pamoja na uchambuzi huo ulikusanywa mkusanyo wa matini za Kiswahili, uliofikia maneno milioni 12 na nusu mwaka 2004 na takriban milioni 25 katika toleo la pili la 2016, nao uliwekwa katika Benki ya Lugha ya nchi ile, ambayo kazi yake ni kutunza. Tena kati ya 1988 na 1992 chuo hicho na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilishirikiana kurekodi lahaja na simulizi za wenyeji. Siri ya kazi hii si wingi wa fedha za mwaka mmoja. Siri ni kwamba jambo lilelile lilifuatwa kwa miongo, na kila kilichopatikana kiliongezwa juu ya kilichotangulia.

Mifano hii yote miwili yapatana na methali yetu. Haba zilikuwapo, na kibaba kilikuwapo.

Yatupasayo

Pengine msomaji atauliza, Je, jambo hili latuhusu nini sisi tulio Afrika Mashariki, wakati ruzuku ni za wageni na wanafunzi ni wao? Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sauti ni zetu. Mzee aliyeketi mbele ya kinasa sauti akasimulia habari za uvuvi alitoa kitu ambacho hakirudi. Somo likifa, naye amenyamazishwa mara ya pili. Pili, mashine za leo za kutafsiri na kuzungumza hulishwa matini na sauti zilizopo. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na tangu hapo mashine za namna hiyo zimezidi. Zitasema Kiswahili kile walichopewa. Ikiwa kilichohifadhiwa ni kiongozi kimefika, nazo zitasema hivyo kwa mamilioni ya watu, na watoto wetu watakuwa miongoni mwa wasikilizaji.

Kwa hiyo natoa mapendekezo haya kwa watoao ruzuku na kwa wazipokeao, na kwa vyuo vyetu pia.

Ruzuku yo yote, hata iwe ndogo namna gani, iwe na fungu la utunzaji, na mwombaji aseme tangu mwanzo ni maktaba gani itakayoipokea kazi baada ya mwaka kwisha. Maandishi, sauti na picha zihifadhiwe peke yake, katika umbo la kawaida, mbali na programu inayozionyesha, ili programu ikifa vitu hivyo vibaki. Haki za matumizi ziwe wazi kwa walimu wote, kama ilivyokuwa kwa kozi ile ya miaka ya 1960. Lakini msemaji aliyetoa sauti atajwe ikiwa ataka kutajwa, alipwe, na aelezwe kwa lugha yake mwenyewe itakakokwenda. Kabla somo halijatolewa kwa wanafunzi lisomwe na mhakiki wa lugha aliye mwenyeji, naye alipwe kama alipwavyo mtaalamu wa mashine. Na taarifa ya mwisho iseme pia yaliyoshindikana, kwa kuwa kosa lililoandikwa humwokolea mwenzio mwaka mzima.

Zaidi ya hayo, walimu wa Kiswahili walioko ng'ambo wana chama chao, CHAUKIDU. Chama kama hicho, kikishirikiana na vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, chaweza kuwa kibaba. Badala ya walimu kumi kutunga masomo kumi ya maamkio, kila mmoja aweza kupewa sehemu yake ya kozi moja: huyu sokoni, yule hospitalini, mwingine barua na maombi ya kazi. Ruzuku zitabaki ndogo vilevile, na kila mwalimu ataomba chuoni kwake kama kawaida. Kitakachobadilika ni mahali pa kumimina.

Wala tusijivue lawama sisi wenyewe. Ni mara ngapi mgeni amekuja kurekodi katika vijiji vyetu, nasi tukampa barua ya ruhusa pasipo kumwomba nakula ya alichokipata? Na zile kanda tulizo nazo, joto na unyevu wa pwani vinazila polepole kabatini. Hatuwezi kumdai mwenzetu utunzaji ambao sisi hatuufanyi.

Nahitimisha kwa kusema kwamba sina chuki na mitambo. Mwanafunzi mmoja aliye katika mji wenye theluji, asiye na Mswahili hata mmoja wa kuzungumza naye, akiweza kusikia sauti ya mama wa Lamu au ya mchuuzi wa Kariakoo, hiyo ni neema, na aliyemletea neema hiyo kwa fedha kidogo na usingizi wa usiku mwingi astahili shukrani. Ni kwa ajili ya mwalimu huyo hasa nimeandika. Alipewa haba, akaitumia kwa uaminifu. Haikuwa kazi yake peke yake kuchonga kibaba. Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone ni sisi, na mgeni amekwisha kuja. Imebaki kwetu kuona kwamba anayofundishwa ni Kiswahili, na ya kuwa atakayekuja baada yake atayakuta.